Pete ya Mashine ya Radjabu

Gitega, tarehe 8 Februari 1998

Kwa dada yangu Pili, Muyinga

Assalaam alaykum. Kama barua hii imekukuta na nyundo mkononi, iweke kando umalize kwanza, hakuna aliyekufa. Sisi huku tuko. Mama yuko, miguu inamkaza asubuhi, ikifika saa nne inamwachia. Layla mke wangu anakusalimia, anasema Idi mwaka huu imepita bila nyama lakini imepita. Bei ya sukari mi siandiki, huko kwenu pia iko hivyo hivyo tangu nchi jirani zitufungie mipaka.

Anayekuletea barua ni Zihalirwa, Mkongo wa Uvira anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani. Umwamini. Alikimbia kwao na mke na godoro moja, sasa anapita barabara ya Karuzi kila msafara wa magari ukiruhusiwa.

Kazi hakuna. We unajua mi ni mtu wa bobinage, mota ikiungua naifungua naizungushia waya mpya. Sasa mashine za kusaga zimesimama, mota haziungui, mi nakaa mlangoni kama mlinzi wa mikono yangu mwenyewe.

Bon, neno lenyewe ni hili. Wiki ya jana Donatienne alikuja hapa, yule mwalimu aliyefundisha fizikia pamoja na mdogo wetu Radjabu. Wamesafisha chumba cha vifaa pale shuleni, kilikuwa kimefungwa tangu mauaji ya Oktoba ya 93, Radjabu alipopotea, na nyuma ya kabati wamekuta daftari. Dada, ni mwandiko wake. Zile herufi zake zimelala kama zinasinzia. Zaidi ya miaka minne hatukuona hata herufi moja.

Ndani iko ile mashine aliyotuchosha nayo. Unaikumbuka? Ile inayotoa radi ndogo, na ukishika taa ya neon mkononi inawaka bila waya. Amechora kila kitu. Mama alilala na daftari chini ya mto siku tatu. Siku ya nne akanirudishia, akasema, “Houssein, we ni fundi. Umalizie mdogo wako kazi yake. Akirudi aikute.”

Donc, basi, nimeanza. Bobini, yaani bomba lililozungushiwa waya, nitaitengeneza mi mwenyewe, ni kazi yangu. Lakini juu ya bobini inakaa pete kubwa ya alminiamu, tupu ndani, imejaa mviringo kama mpira wa tairi uliotiwa upepo. Upana wake sentimita arobaini toka ukingo mpaka ukingo. Kurasa nyingine za pete panya wamekula. Huku Gitega hakuna mtu wa kufua kitu kama hicho. Tangu shemeji Nassoro afariki, we ndiye umeshika nyundo yake, na watu wa Muyinga wanasema sufuria zako zinapita zake. Unifanyie.

Na kama umesikia neno lolote toka kambi za Tanzania, uandike. Ile barua yako ya 94, uliyosema kuna mtu alimwona Radjabu Ngara, Mama bado ananituma nimsomee.

Ndugu yako,
Houssein

*

Muyinga, tarehe 5 Machi 1998

Mdogo wangu Houssein,

Waalaykum salaam. Nimefurahi kusikia mko, maana siku hizi neno hilo moja linatosha barua nzima. Mwambie Mama akande miguu kwa maji ya moto yenye chumvi, asubiri yapoe kidogo, namjua hana subira. Mwanangu Hidaya amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemwita Nadia. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Mvua imenibomolea ukuta wa nyuma wa karakana, nimeziba kwa mabati.

Sokoni watu wanakuja kuangalia sufuria, wanazigonga, wanasikiliza mlio, wanaondoka. Nikienda Kobero kutafuta alminiamu chakavu, wapagazi wa mpakani wananiuzia vifuniko vya injini kwa bei ya dhahabu.

Kuhusu pete, mdogo wangu, sitaweza. Vipande nilivyo navyo vinatosha sufuria tu, havitoshi pete yenye unene wa sentimita kumi na mbili. Na hata vingetosha, huu ni wakati wa mtu kutafuta chakula. Mweleze Mama polepole.

Kutoka kambini sina jipya.

Nawatakia heri,
Dada yako Pili

*

Gitega, tarehe 2 Aprili 1998

Dada Pili,

Salaam nyingi, na hongera ya mjukuu. Mama amecheka kusikia hasira za Nadia, amesema zimetoka kwako. Miguu yake ni ile ile. Maji ya chumvi alitia mguu yakiwa bado yanachemka.

Barua yako nimeipata, nimeelewa, lakini sijakubali. Acha nikueleze kazi ilipofika, halafu useme tena.

Bomba ya plastiki ya kuzungushia waya nimeitoa kwenye nyumba iliyoungua karibu na soko, bomba ya maji machafu, sentimita kumi na moja. Radjabu ameandika plastiki inakunywa unyevu na umeme unapita humo humo, donc nimeitundika juu ya jiko la makaa siku mbili, mbali, isilainike. Nikaipaka verni, ile ya kung'arisha mbao, ndani na nje. Miisho nimeiziba kwa vipande vya mbao vilivyochemshwa kwenye nta, hakuna msumari hata mmoja, chuma ndani ya bomba inaharibu yote. Waya lazima uwe mmoja bila fundo, kwa hiyo nimefungua mota nzima ya kinu cha mpunga, mota yenye afya, Mungu anisamehe.

Layla alizungusha bomba, mi niliongoza waya. Mizunguko elfu moja mia moja na themanini, umekaa sambamba, hakuna unaopanda juu ya mwenzake. Siku ya tatu Layla alipiga chafya. Waya ukamtoka, ukafunguka wote, ukajaa chumba kama nywele za kichaa. Tuliangaliana. Mi nikatoka nje, sikutaka kusema neno la kujutia. Niliporudi nikamkuta anaunyoosha kwenye kiti, anaanza na mmoja. Hatukuzungumza mpaka mia nne.

Transfo, ile ya kupandisha umeme, nimetoa kwenye tangazo la neon la hoteli iliyofungwa. Na ya kuhifadhi umeme ni chupa za bia kumi na nane zenye maji ya chumvi. Imamu amenikuta nazibeba. Nimemwambia ni za fizikia. Ameangalia chupa, ameniangalia, amesema, “Houssein, hata we?”

Kimebaki kitu kimoja, pete. Bila pete umeme unatokea kwenye ncha ya waya na kupotea, radi inakuwa fupi kama ndimi za nyoka. Mama anauliza kila siku. Anapitisha kidole kwenye bobini, anasema ni laini kama ngozi ya mtoto. Dada, mi nimechoka, nchi imechoka, hii ndiyo kazi pekee ambayo imenitoa kitandani mwaka huu.

Jumamosi hii nitajaribu kuiwasha bila pete, nione kama inapumua.

Houssein

*

Muyinga, tarehe 26 Aprili 1998

Houssein,

Salaam. Tu wazima, mtoto anakua. Barua yako ya tarehe 2 imenifikia juzi, Zihalirwa alikwama Karuzi siku kumi na nane. Kwa hiyo ninachoandika kimechelewa, lakini nakiandika.

Usiiwashe. Huo ni mji wenye askari kila kona, na wewe unataka kutoa radi ndani ya nyumba. Fikiria mtu akisikia. Fikiria akiwa ni mtu asiyekupenda.

Ukiwa tayari umewasha, basi niandikie siku hiyo hiyo kwamba mko salama. Mistari miwili inatosha.

Pili

*

Gitega, tarehe 7 Juni 1998

Dada Pili,

Salaam toka kwetu sote. Usishangae mwandiko, ni wa Layla. Mi nasema, yeye anaandika, kwa sababu iko jipu mkononi kwangu.

Mashine tuliijaribu. Ilipumua. Sasa iko chini ya kitanda, imefunikwa.

Mama mzima. Mvua zimeisha mapema. Maharagwe hayakujaa.

Usijali.

Houssein

Wifi, mimi Layla. Nimeandika alivyosema.

*

Muyinga, tarehe 28 Juni 1998

Mdogo wangu, na wewe wifi yangu Layla,

Salaam ziwafikie mkiwa pamoja. Nadia ameanza kukaa, ukimwachia anaanguka upande wa kushoto kila mara. Nimeuza sufuria nne kwa mpigo kwa watu wa harusi. Hizo ndizo habari njema.

Zihalirwa alipoleta barua nilimkalisha, nikampa chai, nikamuuliza jipu la Houssein liko kidole gani.

Akasema, “Mama Hidaya, usiniulize.”

“Nakuuliza.”

“Alinikataza.”

“Alikukataza huko kwake. Hapa ni kwangu.”

Akaizungusha chai yake mpaka ikapoa. Ndipo akaniambia kwamba siku ile uliyowasha, redio za mtaa mzima zilinguruma kama mahindi kwenye kinu, na ilikuwa saa ya habari, kila mtu amekaa anasikiliza nani kapigwa wapi. Mtu akaenda kusema kwamba nyumba ya Houssein ina mtambo wa kuzungumza na waasi wa msituni. Askari walikuchukua siku sita. Jipu gani hilo, mdogo wangu, linalovaa buti?

Sikukasirikii kwa kunificha. Nakuomba hili tu: daftari lichome moto. Bobini ifungue, uza waya. Pete haitamrudisha mwenye daftari.

Mpe Mama salaam zangu. Usimwambie kwamba nimejua.

Pili

*

Gitega, tarehe 19 Julai 1998

Dada Pili,

Naandika na mkono wa kushoto, utanisamehe mistari inayopanda mlima. Ni kweli yote Zihalirwa aliyokuambia. Vidole viwili vya kulia havikunji tena, cha kati na kile cha pembeni yake. Nyundo nashika, waya mwembamba sishiki. Sikutaka Mama ajue kwamba ni kwa ajili ya mashine aliyonituma yeye. Tumemwambia nilianguka na baiskeli. Anajua mi sina baiskeli, lakini amekubali.

Aliyenitoa ni Donatienne. Alikwenda na daftari mwenyewe, mwanamke peke yake, akaomba kuonana na mkubwa wao. Akamfungulia ukurasa kwa ukurasa. Yule ofisa kumbe alisoma hesabu kabla ya jeshi. Alisoma, akauliza maswali mawili, akasema, “Huyu mtu haongei na msitu, huyu anaongea na vitabu.” Amesema siku nyingine tukitaka kuwasha tuombe karatasi, na tuwashe shuleni, mchana.

Bon. Sasa sikia.

Mtu asiye na kazi wala vidole anasoma barua za zamani. Nimesoma zako zote toka mwezi wa tatu. Uliandika kwamba bati halitoshi pete ya unene wa sentimita kumi na mbili. Nikarudi kwenye daftari. Upana upo, arobaini. Ukurasa wa unene ndio ule panya walioula. Mi mwenyewe sikuujua unene, nilikuwa nimekadiria kumi. Nimempelekea Donatienne hesabu, amekaa nayo siku mbili, ameniambia kwa bobini hii unene unaofaa ni kumi na mbili.

Mi sikukuandikia, dada. Donatienne humjui. Daftari lilikuwa nyuma ya kabati.

Umejuaje?

Simwambii Mama neno mpaka unijibu.

Houssein

*

Muyinga, tarehe 13 Septemba 1998

Houssein mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara tano. Salaam kwenu, sisi wazima, na leo sina habari nyingine za nyumba.

Kumi na mbili aliniambia Radjabu mwenyewe. Alikuwa hapa.

Alikuja Ijumaa moja ya Novemba 93, baada ya alasiri, mvua inanyesha. Nilidhani ni mteja, kwa sababu alisimama mlangoni kama wateja wanavyosimama. Alikuwa ametembea kutoka huko kwenu, njia za mashamba. Alikuwa amewaficha wanafunzi ndani ya chumba cha vifaa, wakaja watu wenye mapanga, wakavunja mlango. Wangapi walitoka hakuniambia, na mimi sikumuuliza mara ya pili. Yeye alipigwa begani, upande wa kulia. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka.

Nilimweka karakana, nyuma ya magunia ya makaa. Mlio wa nyundo yangu ulifunika kikohozi chake. Lakini unamjua, hawezi kukaa bure. Siku ya tatu akachora pete kwenye sakafu kwa kipande cha kaa. Akasema, “Dada, anayefua sufuria anaweza kufua hii. Ni nusu mbili, kama vifuniko viwili vyenye shimo katikati, halafu unaviunganisha.” Akanieleza gogo lichimbwe kiasi gani, mchanga utiwe wapi, na nipige kutoka nje kuingia ndani bati lisikunjamane. Akasema pasibaki mkwaruzo, maana umeme hutorokea penye ncha. Unene kumi na mbili, akapima kwa mkono wake wa kushoto, kutoka kidole gumba mpaka kile cha shahada kikiwa kimenyooshwa hivi.

Nikafua. Yeye alikaa upande wa pili wa gogo, akinisaidia kwa nyundo ya mti, kwa mkono ule mzima. Nitakwambia ukweli, zilikuwa siku njema. Nje watu wanauawa, na sisi tunabishana kuhusu mviringo. Nusu ya kwanza ilitoka nzuri.

Siku ya tisa akapita mwanamume mmoja wa mtaa wetu. Hakuingia. Alisimama barabarani akasema, “Pili, siku hizi una nyundo mbili?”

Hivyo tu. Akaenda zake.

Nilirudi ndani, nikafunga mlango. Nikamwambia Radjabu lazima aondoke. Alikuwa na homa. Akasema, “Dada, siku mbili, homa ishuke.” Nikasema hapana. Akasema, “Moja.” Nikamwambia, nina watoto. Houssein, hayo ndiyo maneno niliyomwambia mdogo wangu, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyeelezwa jambo la wazi.

Alfajiri nilimpakia kwenye baiskeli ya Waziri, mtu wa Giteranyi anayejua vijia vyote vya mpakani. Niliwasindikiza mpaka mwisho wa mji. Wiki tatu baadaye Waziri akarudi. Walivuka salama. Radjabu alifika Kabanga, upande wa Tanzania, akalala kwenye nyumba ya Waislamu wa pale, siku ya pili homa ikamchukua. Walimwosha, wakamsalia, wakamzika vizuri. Kaburi lina jiwe la kichwani. Nalijua, kwa sababu kila nikisema naenda Kobero kutafuta chakavu, navuka naenda kukaa hapo kidogo.

Yule mtu wa barabarani hakurudi tena. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatishia, au anatuonya, au anauliza tu. Nikikutana naye ananisalimia.

Barua ya 94, ya Ngara, niliitunga. Mama alikuwa mgonjwa, ulikuwa umeniandikia kwamba hali chakula, hanywi, anamwita Radjabu. Nikamwandikia kitu cha kumwamsha. Aliamka. Baada ya hapo sikujua namna ya kumuua tena mtu yule yule.

Barua yako ya Februari ilipokuja ikitaka pete, nusu ya kwanza ilikuwa pale pale chini ya magunia. Ndiyo maana nilikataa. Mwezi uliopita niliitoa, nikaipangusa, nikafua nusu ya pili. Nimeifua mchana, mlango wazi. Nimeziunga kwa ribiti ndogo, nikapiga tupa, nikapiga msasa siku nne, mpaka nikipitisha kitambaa cha hariri hakikwami. Zihalirwa anakuletea ndani ya gunia la mkaa. Iko nzito kidogo upande mmoja, upande aliopiga yeye.

Mwambie Mama, au usimwambie. Mimi sijui tena lipi ni jema.

Pili

*

Gitega, tarehe 25 Oktoba 1998

Dada Pili,

Waalaykum salaam. Nimechelewa kujibu na sababu si barabara. Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka juu ya kabati, sikuigusa wiki mbili. Nilikukasirikia. Nilikuwa nazunguka uwani nasema na we peke yangu, Layla anawaita kando watoto wa jirani wasinisikie. Miaka minne, dada, tunamwekea sahani siku za Idi.

Halafu najiuliza mi ningefanya nini, mtu amesimama barabarani, ndani iko watoto na mgonjwa. Hasira haijaisha, nisikudanganye, lakini imechoka kama sisi wengine.

Pete imefika salama. Nimeipitisha kidole cha kushoto pande zote. Sikuona mkwaruzo.

Karatasi ya ofisa tuliipata, Jumamosi ya tarehe 17 tukawasha, saa tatu asubuhi, kwenye darasa kubwa la shule. Donatienne aliziba madirisha kwa blanketi. Wanafunzi walikuwa sitini na kitu. We hujui wanavyokaa siku hizi, tangu mauaji yale, hawa upande wa ukuta, hawa upande wa mlango, na katikati nafasi ambayo hakuna anayeweka benchi. Mama nilimleta, akakaa mbele.

Nikaunga waya. Kwanza ikanguruma tu, watoto wakainamisha vichwa, wamezoea ngurumo nyingine. Halafu radi ikatoka kwenye pete. Dada, urefu wa rula mbili. Rangi yake kama zambarau iliyochemka. Haikutoka penye maungio, haikutoka penye ribiti, ilichagua yenyewe pa kutokea, ikatembea juu ya pete. Donatienne akainua taa ya neon, haina waya, ikawaka mkononi mwake mpaka nikaona mifupa ya vidole. Akampa msichana wa upande wa mlango. Msichana akaishika, ikawaka, akapiga ukelele, wakacheka wote. Wale wa nyuma wakapanda benchi, wakasogea, sikuona tena nafasi ya katikati iko wapi.

Dakika tatu, labda nne. Chupa moja ikapasuka, maji ya chumvi yakamwagika, mashine ikafa. Madirisha yakafunguliwa, wakarudi kila mtu upande wake. Sitaki kukuandikia zaidi ya ilivyokuwa.

Mama hakuangalia radi. Alikuwa anaangalia pete. Watu walipotoka akanishika mkono, huu mbovu, akauliza, “Nani kaifua?”

Nikasema, “Pili.”

“Peke yake?”

Nikakaa karibu yake kwenye benchi nikamwambia yote, pale pale. Nilimsomea barua yako kutoka mwanzo mpaka mwisho, na yale maneno ya watoto nilimsomea pia. Hakulia. Aliomba maji ya kutawadha, Donatienne akaleta kwenye ndoo ya maabara. Akasali ameketi. Nyumbani tumesoma dua siku tatu, watu walikuja wengi, hata yule jirani aliyenisemea kwa askari alikuja, akakaa karibu na mlango, akapewa chai.

Siku ya nne Mama ameanza kulia, na mpaka leo analia na kuacha, analia na kuacha. Hasemi neno baya juu yako. Hasemi zuri pia. Ameuliza kitu kimoja tu, ameuliza asubuhi, ameuliza tena jioni.

Anauliza: siku zile tisa, alikula nini?

Umwandikie yeye mwenyewe. Mi nitamsomea.

Houssein

*

Muyinga, tarehe 12 Novemba 1998

Mama yangu,

Shikamoo. Houssein anakusomea, lakini ni mimi ninayezungumza, nimekaa mbele yako.

Siku aliyofika hakuweza kutafuna. Nilimpa maziwa ya moto, akanywa vikombe viwili, cha pili akalala nacho mkononi. Kesho yake uji wa mtama. Alilalamika kwamba sikutia sukari, nikajua atapona.

Jumapili alikula maharagwe na ndizi. Jumatatu sikumbuki, nimejaribu wiki nzima, Mama, nisamehe. Nadhani yalikuwa maharagwe tena. Jumanne nilipata ndagala, nikazikaanga kavu kama unavyozikaanga wewe, akasema hazikufikia zako. Tulikuwa tumeanza kufua siku ile, alikuwa na njaa ya mtu aliyefanya kazi, akala na ukoko wa ugali.

Jumatano nilichinja kuku. Jirani alinisikia akauliza kuna mgeni gani, nikasema kuku alikuwa mgonjwa. Alikula shingo kwanza, unamjua, kisha paja. Mchuzi niliuweka, akaumaliza Alhamisi pamoja na viazi vitamu. Ijumaa homa ilipanda, hakutaka chakula, nikampa chai ya tangawizi kijiko kwa kijiko. Aliacha nimshike kichwa. Jumamosi, siku ile yule mtu aliposimama barabarani, mchana alikuwa amekula isombe, majani ya muhogo, na wali kidogo. Wali niliununua kwa ajili yake.

Alfajiri ya Jumapili, kabla ya baiskeli, nilimkalisha kwenye gogo la kufulia nikampa chapati mbili na yai. Nilimwambia ale yote. Alikula yote, polepole, na mimi nimesimama na mlango wazi, namhimiza. Mengine nilimfungia kwenye kitambaa, mayai mawili na viazi. Waziri alinieleza kwamba mayai aliyala njiani, viazi akampa yeye.

Mengine yote unaweza kuniuliza nikifika. Nakuja na msafara wa wiki ijayo, ukinifungulia mlango. Lakini swali lako hili nalijibu mbele ya Mungu. Nilimfukuza mwanao, Mama. Nilimfukuza akiwa ameshiba.

Mwanao,
Pili